Kaskazini Wamethodisti, kusini Wakongregesheni

Wamisionari Waprotestanti wa Marekani walipofika kwa Wabulgaria mwishoni mwa miaka ya 1850, enzi ya Waosmani, waligawana nchi, safu ya milima ya Balkan ikawa mpaka wao. Kusini, Wakongregesheni wa American Board, shirika la umisionari, ndio walioota mizizi zaidi: shule za Samokov, kanisa la Bansko mwaka 1871. Wamethodisti wa kaskazini, walioanzia Shumen, walisuasua. Lakini ndio waliomleta Albert Long, mwanzilishi wa gazeti la Zornitsa, 1864. Kazi ninayoiona kubwa kuliko zote haikujali mpaka: Biblia nzima ya Kibulgaria, iliyochapishwa Istanbul, 1871. Long aliitafsiri na Elias Riggs wa American Board, pamoja na Wabulgaria wawili, Slaveykov na Kostovich.