Vizimba vya chatu mkubwa: kioo, chipubodi, plastiki nzima au PVC?

Chatu wa Burma akitoka kwenye yai ana urefu wa nusu mita tu na unaweza kumzungusha kwenye kiganja. Jike akilishwa vizuri hufika mita tatu ndani ya miaka michache, na akipevuka anaweza kupita mita nne na kilo 40. Anayenunua kizimba leo anamnunulia mnyama ambaye bado hajamwona, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Hapa tunapima aina za vizimba zinazouzwa Marekani kwa ajili ya nyoka wa ukubwa huo: chatu wa Burma, chatu wetu wa Afrika na majike makubwa ya boa, nyoka wakubwa wa Amerika.

Tuanze na hukumu. Kwa nyoka aliyepita mita mbili na nusu, chaguo letu ni kizimba cha mbao za PVC (aina ya plastiki ngumu) kinachofunguka mbele, urefu sentimita 244, kina 91, kimo 61. Kipimo hicho hakikuja kwa bahati: mbao za PVC kwa kawaida hutoka kiwandani zikiwa na sentimita 244 kwa 122, na fundi akitaka kupita hapo lazima aunge, na kiungo ndicho kinachoanza kuvuja na kupinda. Kanuni ya zamani ya wafugaji inasema urefu na upana wa kizimba ukijumlishwa ulingane na urefu wa nyoka, na kwa hesabu hiyo kizimba hiki kinamtosha nyoka wa mita 3.35. Sisi tunaiona kanuni hiyo kuwa ya kubana mno. Nyoka hujinyoosha akipewa nafasi, na asiyeweza kujinyoosha hunenepa na misuli yake hulegea. Kwa chatu wa mita nne na zaidi, sanduku lolote la dukani ni dogo. Mtengee sehemu ya chumba yenye ukuta na mlango wake, au usimchukue kabisa.

Vizimba vya kioo ndivyo vinavyovutia macho kwanza. Kampuni ya Exo Terra ina kimoja maarufu cha sentimita 90 kwa 45 kwa 60, chenye milango miwili ya mbele na wavu juu. Ni kazi safi, na kinamfaa chatu mchanga kwa miezi ya mwanzo. Baada ya hapo hakifai, na sababu si ukubwa peke yake. Hewa ya moto na unyevu hupanda na kutokea kwenye wavu. Chatu wa Burma anataka unyevu wa asilimia 50 hadi 70. Chini ya hapo gamba halivuliki zima, linatoka vipandevipande na kubaki machoni na kwenye ncha ya mkia. Mwenye nyoka huongeza wati za taa ili kufidia joto, taa inakausha hewa zaidi, na tatizo linazidi pale pale alipodhani analitibu.

Tangi la samaki lenye kifuniko cha juu ni baya zaidi. Nyoka mkubwa ni msuli mtupu: akiweka mgongo chini ya kifuniko na kusukuma, jiwe au vitabu ulivyoweka juu vitaanguka. Mwaka 2009 huko Florida, mtoto wa miaka miwili aliuawa na chatu wa Burma aliyetoka usiku kwenye tangi la kioo lililofunikwa kwa mfarishi. Hilo lisisahauliwe na yeyote mwenye watoto nyumbani.

Kampuni ya Zen Habitats ina kizimba cha sentimita 120 kwa 60 kwa 60, fremu ya alumini na kuta za PVC. Kwa dume la boa la mita 1.8 ni chombo kizuri, na kinaunganishwa nyumbani kwa bisibisi. Toleo lenye wavu juu lina kasoro ile ile ya joto kupotea; funika theluthi mbili za wavu kwa ubao wa PVC, uache nafasi ya kifaa cha joto. Kwa chatu wa Burma ni kituo cha njiani tu.

Vya chipubodi (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) iliyopakwa melamini, utando mgumu wa plastiki, ni rahisi kwa bei na hutunza joto vizuri. Udhaifu wake ni maji. Chatu wa mita tatu hutoa mkojo na kinyesi kingi kwa mkupuo mmoja, na yakipenya kwenye kiungo, chipubodi hufura kama mkate uliotoswa kwenye chai, na haitarudi ilivyokuwa. Ukikichagua, jaza silikoni ya matangi ya samaki kwenye kila kona ya sakafu na kuta mpaka kimo cha sentimita kumi, ipake pia ncha zilizokatwa zinazoonyesha unga wa mbao, na uiache ikauke siku tatu kabla ya kuingiza nyoka. Silikoni ya bafuni yenye dawa ya kuua kuvu usiitumie. Kizimba cha futi nane (sentimita 244) cha aina hii ni kizito sana. Kijengwe mahali kitakapokaa.

Vizimba vya kampuni ya Vision ni plastiki iliyomiminwa nzima, bila kiungo, kona zake za mviringo. Kwa usafi havina mpinzani: unafuta, unasuuza, umemaliza. Ila haviji vimekunjwa. Pima mlango wa nyumba, ukumbi na kona ya ngazi kabla ya kulipa, maana kinachopita mlangoni kinaweza kukwama kwenye ngazi.

Turudi kwenye PVC. Watengenezaji kama Animal Plastics hutengeneza kwa oda na kusafirisha mbao zikiwa bapa, mnunuzi anaziunganisha mwenyewe. Ubao una povu ndani, ndiyo maana ni mwepesi, hauli maji, na hutunza joto. Kabla ya kuagiza, uliza unene. Milimita 6 hupinda katikati ya urefu wa sentimita 244, mlango unaacha mwanya, na nyoka huutafuta mwanya huo usiku kucha kwa pua mpaka mdomo unachubuka na kuingia vidonda. Taka milimita 12, na nguzo moja ya kati mbele.

Milango ya kuteleza ya kioo ina kasoro ambayo wauzaji hawaitaji: pale vioo viwili vinapopishana pana mwanya wa milimita kadhaa. Nyoka mkubwa hapiti hapo, lakini anaweza kukisukuma kioo kikatoka kwenye reli, hasa reli ya juu ikiwa na kina kifupi. Kufuli dogo la kabati za dukani huzuia kioo kuteleza, halizuii kuinuliwa. Bora milango ya bawaba inayoangukia chini, kila mmoja na makomeo mawili ya ufunguo, kulia na kushoto. Komeo moja la kati huacha kona zikipanuka anaposukuma.

Angalia na matundu. Huko New Brunswick, Kanada, mwaka 2013, chatu wa Afrika alitoka kwenye chumba chake kupitia bomba la hewa la darini, na watoto wawili wakafa. Matundu ya hewa yawe mengi na madogo, tundu la waya lisizidi milimita 25 na lizibwe kwa mpira.

Joto ndilo linalopima kizimba kweli. Upande wa moto uwe nyuzi 31 hadi 32, upande wa baridi 25 hadi 27. Kwa PVC ya futi nane tumia paneli ya joto ya wati 80 hadi 120 iliyofungwa kwenye dari ya kizimba, upande mmoja. Mkeka wa joto wa chini tunaukataa kwa nyoka wazito: mwili wa kilo 30 unalala juu yake, joto halina pa kutokea, linajikusanya na kuunguza tumbo huku themostati (kifaa kinachodhibiti joto) ikisoma sawa pembeni. Taa ya kauri, inayotoa joto bila mwanga, ikiwa bila kizuizi cha waya huunguza vilevile, kwa kuwa nyoka huizunguka, na PVC yenyewe hulainika joto likipita nyuzi 60. Chagua themostati inayopunguza na kuongeza umeme taratibu, kama Herpstat, kuliko ile ya kuwaka na kuzima. Kihisi cha themostati kifungwe ukutani chini ya paneli, kwenye kimo cha mgongo wa nyoka, kwa vibano viwili. Kikilazwa sakafuni atakisogeza upande wa baridi, na paneli itawaka bila kukoma.

Sakafu: makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, sentimita tano hadi nane. Beseni la maji lijazwe nusu tu, kwani chatu akiingia mzima maji yote yanamwagika na matandazo yanaoza. Beseni la lita 40 lina kilo 40 za maji likijaa, kwa hiyo hesabu uzito kabla ya kukiweka kizimba juu ya meza. Chetu tungekiweka chini kabisa, juu ya fremu ya sentimita 15.

Kuhusu sheria: tangu 2012 serikali ya Marekani imemweka chatu wa Burma na chatu wa Afrika kwenye orodha ya wanyama wenye madhara, wasioingizwa nchini bila kibali, na Florida tangu 2010 inawazuia wasiwe mifugo mipya ya nyumbani. Kwa aliye Kenya au Tanzania, chatu ni mnyamapori, mali ya taifa. Bila kibali hakuna kizimba kitakachokuokoa.

Kikifika, kiwashe kitupu siku saba, kipimajoto kila upande na kipimaunyevu katikati. Andika namba asubuhi na usiku wa manane. Usiku upande wa moto ukishuka chini ya 28, paneli ni ndogo au matundu ni mengi. Rekebisha kwanza, nyoka abaki alipo.