Miezi 18 na gia za kijiti kwenye baiskeli: uzoefu wangu

Gia zangu za awali zilikuwa zile zinazokaa pamoja na mkono wa breki. Unasukuma kidogo kwa kidole, unasikia "tak", mnyororo unahama. Hazikufa kwa kishindo. Asubuhi moja nilisukuma, kidole kikaenda hewani bila kukamata kitu, na ikabidi nirudie mara tano ndipo zikashika. Fundi alipozifungua alinionyesha grisi iliyokauka ikawa kama gundi, na vile vindoano vidogo vya ndani vinavyotakiwa kudaka meno vimelala. Akasafisha. Zikafanya kazi wiki tatu, kisha vindoano vikalala tena.

Fundi huyo ni mzee, na mikono yake imeshika baiskeli tangu kabla sijazaliwa. Aliinamia fremu yangu, akagusa vifundo viwili vya chuma vilivyochomelewa kwenye bomba la chini, lile linaloshuka kutoka kwenye usukani kwenda kwenye pedali. "Mwanangu, hivi unavijua ni vya nini?" Nilidhani ni vya kuzuilia ganda la waya tu. Akaingia ndani, akatoka na vijiti viwili vya gia vya zamani, vimechakaa rangi lakini vizima. "Vilikuwa vikikaa hapa."

Ndivyo nilivyoanza. Niliviweka kwa muda tu, nikisubiri nipate gia nyingine za kisasa. Miezi 18 imepita, na nafasi ya zile za kisasa haipo tena.

Kwa asiyewahi kuvitumia, kifaa chenyewe ni hiki: kijiti cha urefu wa kidole, kimefungwa kwenye fremu kwa skrubu moja. Cha kulia kinahamisha gia za nyuma, cha kushoto za mbele. Ndani hakuna vituo, hakuna "tak". Unavuta, waya unavutika. Unaacha, kijiti kinabaki pale pale ulipokiacha. Kinachokishikilia ni msuguano wa washa (vile visahani vyembamba vyenye tundu) zilizobanwa na ile skrubu, na skrubu ina kipete cha kukunja ambacho unakikaza kwa vidole hata ukiwa unaendesha. Msuguano huo una kazi moja: kuishinda springi ya kihamishi cha nyuma, kile kifaa kinachosukuma mnyororo kutoka sproketi moja, yaani gurudumu moja la meno, kwenda nyingine. Springi hiyo haichoki kuvuta. Kila wakati inataka kuurudisha mnyororo kwenye sproketi ndogo kabisa, yaani gia nzito. Ukilegeza skrubu mno, springi inashinda. Ukiikaza mno, kijiti kinakuwa kigumu na mkono unakosa uangalifu.

Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya. Nilikuwa navuta kama mtu anayefungua mlango, kwa nguvu na kwa haraka, na mnyororo ukaruka sproketi mbili kwa pamoja. Nikarudisha, ukaruka tatu. Siku ya tatu nilivuta hadi mwisho kwenye kilima, mnyororo ukapita sproketi kubwa kabisa ukaangukia kwenye spoki. Nilishuka nikitetemeka, maana gurudumu likikwama hivyo ukiwa kwenye kasi ni hatari ya kweli. Kosa halikuwa la kijiti. Skrubu za mpaka kwenye kihamishi, zile mbili ndogo zinazokizuia kisivuke pembeni, zilikuwa hazijarekebishwa. Kwa gia zenye vituo kasoro hiyo inaweza kujificha kwa muda, kwa sababu kidole hakiwezi kuvuta zaidi ya kituo cha mwisho. Kijiti hakifichi kitu. Kwa hiyo yeyote anayehamia huku, skrubu hizo zirekebishwe kabla ya kutoka nyumbani, si baada.

Niliporudi kwa mzee kulalamika, alinipa somo lenyewe kwa maneno machache. "Unaangalia chini. Usiangalie. Usikilize mnyororo."

Mnyororo ukiwa umekaa sawasawa kwenye sproketi hausikiki, au unasikika kama mvumo laini usiobadilika. Kijiti kikiwa kimepitiliza kidogo, unasikia mkwaruzo mwembamba wa haraka: mnyororo unagusa sproketi ya jirani. Kikiwa hakijafika, unasikia mgongano mzito zaidi, na kwenye nyayo unahisi kama pedali inasita. Sauti hizo mbili hazifanani. Baada ya kama mwezi mmoja nilianza kuzitofautisha bila kufikiri. Sasa nikibadilisha gia mkono unafanya mambo mawili kwa pigo moja: unavuta na kupitiliza kidogo ili mnyororo upande upesi, halafu unarudisha upana wa ukucha mpaka sauti inapotea. Miguu nayo imejifunza kulegeza kwa nusu mzunguko wakati huo huo. Mnyororo hauhami vizuri ukiwa umebebeshwa uzito wote wa mwili. Hilo ni kweli kwa gia zote, ila kijiti ndicho kilichonifanya nilijue kwa mwili wangu.

Naomba nikae kidogo kwenye kijiti cha kushoto, kwa sababu ndicho kilichoniteka moyo. Wengi wanaozungumzia gia hizi wanazungumzia za nyuma, na za mbele zinapita bila kutajwa. Mnyororo ukiwa kwenye sproketi kubwa ya mbele, halafu ukahamia nyuma kuelekea ndani, unakwenda kwa mshazari. Ule mshazari unaufanya usugue ukuta wa ndani wa kihamishi cha mbele. Kwenye gia zangu za zamani palikuwa na vituo viwili tu vya mbele, na katikati hapakuwa na kitu: krrr, krrr, krrr, kilomita nzima, mpaka nibadilishe gia ambayo sikutaka kuibadilisha. Kwenye kijiti nasogeza mbele kidogo tu, nusu ya unene wa kidole, kihamishi kinasogea ndani, na kelele inakatika. Kimya kile kinaniletea furaha hadi leo. Ninakisogeza mara kumi, ishirini kwa safari moja, na sijawahi kuona ni usumbufu.

Kumbuka pia kwamba vijiti viwili vinafanya kazi kinyume. Kuvuta cha kulia kunalainisha. Kuvuta cha kushoto kunaongeza uzito. Mwanzoni nilichanganya, na nilikumbuka kwa njia moja tu: kuvuta siku zote kunapandisha mnyororo kwenye sproketi kubwa zaidi, mbele au nyuma.

Kasoro kubwa niliyoipata yenyewe ni hii. Kwenye mlima mkali, nikisimama kwenye pedali na kuiyumbisha fremu huku na huku, kijiti cha kulia kilianza kuteleza mbele chenyewe. Gia ikazidi kuwa nzito pale pale nilipoihitaji iwe nyepesi. Ilinitokea mara nne kabla sijaelewa kwamba skrubu inalegea kidogo kidogo kwa mtikisiko wa barabara. Tangu hapo ni desturi: kabla ya kupanda, nazungusha kipete robo mzunguko. Wapo waliotengeneza suluhisho zamani. Kampuni ya Simplex ya Ufaransa ilitia springi ndani ya kijiti ili kivutike kwa wepesi bila kuteleza chenyewe, na SunTour ya Japani iliweka meno madogo sana ya kukizuia kisiteleze. Nimewahi kujaribu kimoja cha aina ya meno madogo kwenye baiskeli ya rafiki, na kwa kweli ni kitamu kuliko changu. Ukivikuta vya namna hiyo vikiwa vizima, vichukue.

Watu wananiuliza kwa nini nirudi nyuma hivi. Jibu langu la kwanza ni kwamba sikurudi nyuma kabisa. Vijiti ni vya zamani, lakini vitu vinavyovutwa na vijiti hivyo ni vya sasa. Zamani sproketi zilikuwa na meno ya kawaida tu, na mnyororo ulipanda kwa kulazimishwa. Za siku hizi zimechongwa njia ubavuni ili mnyororo upandishwe. Kihamishi nacho kimebadilika: tangu SunTour walipobuni mwaka 1964 kile kinachosogea kwa mshazari, kigurudumu chake cha juu kinafuata mteremko wa sproketi na kukaa karibu nazo zote, badala ya kuwa karibu na moja na mbali na nyingine. Kwa hiyo kijiti changu leo kinafanya kazi vizuri kuliko kilivyofanya kilipokuwa kipya.

Na kama ni kurudi nyuma, kuna nyuma zaidi. Mashindano ya Tour de France hayakuruhusu vihamishi vya mnyororo hadi mwaka 1937. Kabla ya hapo waendeshaji walikuwa wanafika kwenye mlima, wanashuka, wanafungua gurudumu la nyuma, wanaligeuza upande wenye sproketi nyingine, wanalifunga, wanaendelea. Ukilijua hilo, kijiti ni anasa. Gia zenye vituo za Shimano za baiskeli za mbio zilikuja mwaka 1984, na mwaka 1990 kampuni hiyo ikazipeleka kwenye mkono wa breki. Kabla ya 1984, kwenye baiskeli hizo, kusaka gia kwa mkono na sikio ndiko kulikokuwa kuendesha baiskeli kwenyewe.

Jibu la pili ni la matumizi. Gurudumu langu la nyuma lilikuwa na sproketi 7. Lilipopinda nikaazima la ndugu yangu lenye 8. Kwa gia zenye vituo, huo ungekuwa mwisho wa safari: sproketi 7 zimeachana milimita 5, sproketi 8 zimeachana milimita 4.8, na tofauti hiyo ndogo ikijumlishwa kutoka ya kwanza hadi ya mwisho inatosha kuufanya mnyororo ukwaruze nusu ya gia zote. Mimi nilifunga gurudumu, nikaweka mnyororo unaofaa, nikarekebisha skrubu za mpaka, nikaondoka. Kijiti hakikujua kwamba kuna kilichobadilika. Vivyo hivyo kwa kihamishi: kiwe cha kampuni gani, cha mwaka gani, waya ni waya. Jambo la kupima ni moja tu, kwamba kijiti chako kinaweza kuvuta waya wa kutosha kufika sproketi ya mwisho ya ndani. Changu kinafika, lakini kikiwa kimelala kabisa nyuma, hakina akiba.

Sproketi 10 nilijaribu, na sikupendekezei. Zimeachana chini kidogo ya milimita 4, na kila gia ilinitaka nisogeze kijiti kwa usahihi ambao mkono wangu hauna kwenye barabara yenye mashimo. Wapo wanaoweza. Kwa mtu wa kawaida, naona 7 au 8 ndipo raha ilipo. 9 inawezekana kwa subira.

Kuna mahali kijiti hakifai, na sitaki kumdanganya mtu. Kwenye msongamano wa magari, kuondoa mkono kwenye usukani kila baada ya hatua chache si jambo la salama. Mimi nachagua gia moja ya katikati na kuivumilia mpaka nitoke. Kwenye njia ya mawe ni hivyo hivyo, mkono hautaki kuondoka na una haki. Huwezi kubadilisha ukiwa umesimama kwenye pedali, kwa hiyo mlima unatakiwa uusome mapema, uchague gia ukiwa bado umekaa. Na baiskeli hii haiazimwi ovyo. Mdogo wangu aliichukua siku moja, akarudi anaikokota, mnyororo umekwama kati ya sproketi na fremu. Mwenye mgongo unaouma asiyependa kuinama naye avitafute vijiti vya namna hii vinavyofungwa kwenye ncha za usukani. Msuguano ni ule ule, ila mkono hausafiri mbali.

Matunzo ni madogo mno. Kwa miezi 18 nimefungua vijiti mara mbili, nikafuta vumbi kwenye washa, nikarudisha. Usipake grisi kwenye washa za msuguano! Niliifanya mara moja nikidhani nafanya wema, na kijiti kikakataa kukaa mahali popote mpaka nilipozisafisha kwa mafuta ya taa. Kinachochakaa ni waya, hasa pale unapopindia kwenye kichwa cha kijiti. Nyuzi zake zinaanza kukatika moja moja, na ukipapasa utachomwa kidole kabla hujaona kitu.

Wangu ulikatika mwezi wa 11 wa kuvitumia vijiti, nikiwa mbali na nyumbani. Springi ikaupeleka mnyororo kwenye sproketi ndogo kabisa, na mbele yangu kulikuwa na milima miwili. Nilikaza skrubu ya mpaka wa nje mpaka kihamishi kikasukumwa kwenye sproketi ya pili, nikapanda wa kwanza hivyo, kwa shida. Juu palikuwa na kivuli. Chini ya kiti nina waya wa akiba wa milimita 1.2, nikautoa, nikaupitisha kwenye tundu la kijiti, nikaufunga kwenye kihamishi, nikairudisha skrubu ya mpaka mahali pake. Hakuna kifuniko cha kufungua, hakuna njia iliyojificha ndani ya mkono wa breki. Mlima wa pili niliupanda kwa gia niliyoitaka.