Skrubu au Misumari: Cha Kununua kwa Ajili ya Fisha Bodi Dodoma

Mwenye nyumba anayejiandaa kufunga fisha bodi, yaani ubao unaofunika ncha za kenchi (mbao zinazobeba paa) kwenye ukingo wa paa, husumbukia sana mbao na rangi yake, ilhali kitakachoamua kama ubao utabaki mahali pake ni kile kinachoushikilia kwenye ncha za kenchi. Hapa Dodoma adui mkubwa si chumvi ya bahari kama ilivyo Dar es Salaam, bali ni ukavu. Mvua hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili, kisha jua na upepo huikausha mbao kwa miezi mingi mfululizo, hivyo huvimba na kusinyaa kila mwaka na kuusukuma msumari nje kidogo kidogo.

Nafasi ya kwanza naipa skrubu ya mbao iliyochovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa. Meno yake huing'ang'ania kenchi hata mbao inaposinyaa, na ubao ukipinda hufunguliwa kwa bisibisi bila kupasuliwa. Kwa ubao wa unene wa inchi 1, nunua skrubu ya inchi 2 na nusu, ili inchi 1 na nusu izame kwenye kenchi. Funga mbili katika kila kenchi, na karibu na ncha za ubao toboa kwanza kwa drili, kwa sababu mbao kavu hupasuka upesi. Dukani ipapase: zinki ya kuchovya ni ya kijivu kilichofifia na hukwaruza kidole, ilhali ile inayong'aa ina utando mwembamba unaokwisha mapema. Tofauti hiyo ina uzito zaidi kwa mbao zilizotiwa dawa yenye shaba, kwa kuwa shaba huharakisha kuliwa kwa zinki na chuma.

Skrubu za chuma kisichoshika kutu ni bora kuliko zote kwa uimara, lakini nimeziweka nafasi ya pili kwa sababu ya bei. Mjenzi wa Tanga au Bagamoyo ana sababu ya kuzilipia, wa Dodoma hana.

Ya tatu ni misumari iliyosokotwa yenye zinki, ambayo inafaa pale fedha inapobana. Misumari laini ya kawaida, isiyosokotwa, ile inayopimwa kwa kilo, naiweka ya nne, na nasema hivyo kwa uchungu. Fisha bodi za nyumba yangu zilipigiliwa misumari laini ya inchi 3, na kufikia kiangazi cha pili vichwa vilikuwa vimechomoza kiasi cha kupitisha sarafu chini yake, huku mchirizi wa kahawia ukishuka kutoka kila kichwa juu ya rangi nyeupe. Nilipanda ngazi nikaigongomea tena, lakini tundu lilikuwa limekwisha kupanuka, na mwaka uliofuata ikatoka upya.

Skrubu nyeusi za kufungia bodi za jipsamu zisitumike nje kabisa, hata fundi akizisifu kwa urahisi wake. Chuma chake ni kigumu lakini hukatika ghafla ubao unapovuta, na rangi ile nyeusi haizuii kutu.

Kabla ya kwenda dukani, hesabu ncha za kenchi kuzunguka nyumba nzima, zidisha kwa mbili, ongeza mbili kwa kila kiungo cha mbao, kisha ongeza sehemu moja ya kumi kwa zitakazoharibika.