Haradali: ipi ununue kwanza, ipi iache rafuni

Kama pesa inatosha aina moja tu, nunua mbegu nzima za kahawia, zile ambazo maduka ya viungo ya Wahindi huziuza kwa jina la rai. Chupa ya haradali iliyokwisha tengenezwa ina kazi chache. Mbegu zinakaangwa, zinatiwa kwenye achari, na ukizisaga unapata haradali ya kupaka.

Dukani usizinuse, maana mbegu nzima haina harufu. Ukali huzaliwa pale inapovunjwa na kukutana na maji, kimeng'enya kilichomo ndani kikaanza kazi. Tafuna punje mbili tatu: uchungu kwanza, kisha ukali upande puani. Usipopanda, mbegu hizo zimelala sana.

Za kukaanga: pasha vijiko 2 vikubwa vya mafuta, tupa punje moja. Ikiruka, weka kijiko 1 cha chai, funika sufuria, na zikianza kutulia toa motoni, mimina juu ya dengu au kabichi. Zikiungua mchuzi wote huwa mchungu, na hakuna kiungo cha kuuokoa. Afadhali umwage mafuta uanze upya. Kwa achari, twanga nusunusu vijiko 3 vikubwa kwa kilo 1 ya maembe mabichi. Maembe yatiwe chumvi na kuanikwa juani kwanza, kwani yakibaki na maji yataota ukungu.

Ya pili ni unga wa haradali. Chapa ya Colman's, iliyoanzia karibu na Norwich, Uingereza, ipo tangu 1814. Unga mwingine huongezwa ngano na manjano, kwa hiyo soma lebo. Koroga vijiko 2 vya unga na kijiko kimoja na nusu cha maji baridi, acha dakika 10, ndipo utie chumvi na siki. Wengi huharibu hapa: maji ya moto, au siki ikitangulia, huzuia kimeng'enya, na unabaki na uji mchungu usio na ukali.

Ya tatu, Dijon, haradali laini ya kupaka yenye jina la mji wa Ufaransa. Jina hilo halilindwi, kwa hiyo yaweza kutengenezwa popote. Hata Ufaransa mbegu nyingi zilikuwa zikitoka Kanada. Ukame wa huko mwaka 2021 uliacha rafu za Wafaransa tupu mwaka 2022. Sifa yake kubwa ni kushikanisha mafuta na ndimu: kijiko 1 cha chai cha haradali, kijiko 1 kikubwa cha maji ya ndimu, kisha vijiko 3 vikubwa vya mafuta, kidogo kidogo huku unapiga. Kwenye mchuzi wa kuku, itie baada ya kuepua; ikichemka, ukali unapotea.

Haradali ya kupaka yenye punje ndani, inunue ukishakuwa na hizo. Ni nzuri kwa saladi ya viazi.

Ya manjano ya Kimarekani tunaiweka mwisho. Mbegu zake ni nyeupe, zenye ukali wa ulimini tu, na rangi ile hutokana na bizari ya manjano iliyoongezwa. Inafaa kwa soseji, si kwa kupikia.

Mafuta ya haradali hayamo kwenye orodha. Bangladeshi na kaskazini mwa India huyapikia kila siku, lakini chupa zinazouzwa Ulaya na Marekani mara nyingi zimeandikwa kuwa ni ya kupaka mwilini tu, kwa sababu ya asidi ya eruki, aina ya asidi ya mafuta iliyomo humo. Ukiona maandishi hayo, usiyakaangie.