Baiskeli ya kununua kwa njia zetu za Mtwara na Lindi, ipi ya kwanza na ipi uiache

Hela za korosho zikianza kutoka tu simu yangu haipoi, kaka nataka baiskeli nichukue ipi, na mimi kabla sijajibu nauliza mambo mawili, unapita wapi na unabeba nini. Wengi wanachagua kwa rangi na kwa ile namba 21 ya idadi ya gia iliyobandikwa kwenye fremu, halafu mwezi haujaisha unamkuta mtu anaikokota kwenye mchanga anakwambia nimeuziwa mbovu. Nikiipanda mimi naona nzima kabisa, ila mwenyewe anaiendesha kama Phoenix ya babu yake, ile nyeusi isiyo na gia, na hii siyo Phoenix. Hili naomba ndugu zangu wa Kusini tulielewe kabla ya kutoa hela, umbo la baiskeli likibadilika na uendeshaji lazima ubadilike, ukinunua umbo jipya ukabaki na miguu ya zamani utaumia bure.

Na imekuwa hivyo tangu zamani. Zile baiskeli za gurudumu kubwa mbele mtu alikaa juu kabisa, gurudumu likigonga jiwe anapinduka kichwa kinatangulia. John Kemp Starley kule Coventry, Uingereza, akatoa baiskeli ya Rover mwaka 1885, magurudumu yanakaribiana ukubwa, mnyororo unavuta gurudumu la nyuma, mtu akashuka akakaa katikati na miguu inafika chini. 1888 John Dunlop akaleta tairi la upepo. Kuanzia hapo kuendesha baiskeli kukawa jambo la kila mtu, siyo la vijana wasioogopa kuvunjika tu.

Haya tuje kwenye mpangilio wangu.

Ya kwanza kwangu ni baiskeli ya gia ya mtumba, tairi la inchi 26, foki (ile inayoshika gurudumu la mbele) ngumu isiyo na shokapu. Najua watu watabisha, hasa wazee, ila nisikilizeni. Hizi zilizaliwa kwenye milima ya California miaka ya 1970, vijana wa eneo la Marin walikuwa wanachukua baiskeli nzito za Schwinn za zamani wanashuka nazo njia za vumbi kwenye mlima Tamalpais, breki yao ilikuwa ya kukanyaga pedeli kinyumenyume, ndani ya gurudumu la nyuma, sasa wakifika chini imepata moto mpaka grisi imeungua inatoa moshi, inabidi waifungue wajaze grisi upya, na ndiyo maana mashindano yao yaliyoanza 1976 wakayaita Repack, yaani kujaza tena. Wale vijana walijifunza kurudisha makalio nyuma ya siti na kuacha mikono ilegee, ndipo watengenezaji wakaanza kuunda baiskeli inayofuata ule mwili, usukani mpana, tairi nene, breki za mikono, gia za mlimani. Kampuni ya Specialized wakaingiza sokoni baiskeli ya Stumpjumper 1981 na kutoka hapo dunia nzima ikajaa.

Sasa kwetu faida yake iko kwenye meno yanayoshika mnyororo, hesabu mwenyewe ukiwa dukani usione aibu. Phoenix nyingi mbele ina meno 44 hivi na nyuma 18, kwa hiyo ukizungusha pedeli mara moja baiskeli inaenda kama mita tano na nusu. Nzuri sana kwenye lami tambarare. Hizi za gia nyingi za 21 ukiweka ndogo mbele na kubwa nyuma unakuta meno 28 kwa 28, mzunguko mmoja mita mbili tu. Hiyo ndo tofauti ya kupanda mlima umekaa na kuupanda unasukuma. Ukitoka bondeni Ruvuma unapanda kwenda Newala, uwanda wa Makonde haukuhurumii, na gia kubwa hufiki.

Ila lazima ubadilike. Mtu aliyezoea Phoenix akiuona mlima anasimama juu ya pedeli anakanyaga kwa uzito wake wote, ndo akili ya baiskeli isiyo na gia. Kwenye ya gia unatakiwa upunguze gia kabla mlima haujaanza, wakati mnyororo bado mwepesi, halafu ukae kwenye siti uzungushe harakaharaka kidogokidogo. Ukisubiri mpaka umeshakwama ndo unabadilisha, unasikia kraa, mnyororo unaruka meno na siku moja utakatika. Nimeona minyororo mingi imekatika hivyo na kila mara lawama anapewa fundi.

Na breki. Nilianguka mimi mwenyewe kwenye mteremko wa kuingia Mikindani, wiki yangu ya kwanza na baiskeli ya gia. Nilikuwa nimezoea breki za vyuma za Phoenix ambazo unakaba kwa nguvu zote na inapunguza polepole, hii nikakaba vilevile, mkono wa mbele, breki zenyewe zile za mikono mirefu ambazo kampuni ya Shimano walizileta katikati ya miaka ya 1990, gurudumu la mbele likasimama papo hapo na mimi nikaendelea na safari. Kiwiko cha kushoto kina alama mpaka leo. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu kuliko ya nyuma kwa sababu ukifunga uzito wote unakimbilia mbele, kwa hiyo unaikaba kwa vidole viwili taratibu huku unarudi nyuma ya siti. Kwenye mchanga ndo usiiguse kabisa.

Mchanga nao una yake, njia ya Msimbati kwa mfano. Punguza upepo kidogo kwenye matairi, tairi litandaze, weka gia ndogo, rudi nyuma kidogo, usukani uushike bila kuukaza na usikate kona ghafla, zungusha tu bila kusita. Tairi la Phoenix jembamba linachimba, hili la inchi karibu mbili linapita juu. Sisemi hutashuka kabisa, utashuka, ila mara mbili tatu badala ya kukokota njia nzima.

Ukinunua mtumba fanya hivi. Igeuze juu chini, zungusha magurudumu uangalie kama rimu inayumba, shika tairi ulisukume kushoto kulia, likicheza gololi zimekwisha. Shika mikono ya pedeli utikise hivyohivyo. Pitisha kidole chini ya fremu pale bomba la chini linapokutana na shingo, rangi ikiwa imepasuka kama mstari wa nywele usiichukue, hata wakupunguzie nusu. Chagua fremu ya chuma kama utabeba mizigo, ikipasuka fundi wa kuchomelea yeyote wa Masasi au Nachingwea anaishona, ya aluminiamu huyo fundi wa mtaani hataiweza. Na chagua yenye matundu ya kufungia keria, nyingine hazina.

Ya pili ni Phoenix na wenzake, zile nyeusi za 28, ziwe za China au Hero za India. Kwa mtu wa mizigo hii ndiyo namba moja, sitaki kumdanganya mtu. Umbo lake ni lilelile la Raleigh za Nottingham za zamani, fremu ndefu, foki imelala mbele, ndo maana inanyooka yenyewe na haihangaiki ukiwa umefunga madumu mawili ya lita 20 au kiroba cha mkaa. Unakaa wima mgongo umenyooka unaona mbali, na shingo haiumi. Keria yake inabeba, stendi yake ya miguu miwili inasimama na mzigo juu, jaribu kusimamisha baiskeli ya mtumba na gunia kwenye kile kijiti chake cha pembeni uone. Na spea zipo kila kijiji, Ruangwa, Nanyamba, Tandahimba, hukosi spoku wala raba za breki.

Udhaifu wake ni mvua. Rimu zake ni za chuma cha kung'aa, zikilowa breki zinateleza kama zimepakwa mafuta, kwa hiyo masika usisubiri ufike kwenye kona ndo ufunge, anza mbali, kaba kaba achia ili raba zifute maji kwanza. Wazee wetu walikuwa na ufundi mkubwa sana wa hii baiskeli na unapotea, kupanda kwa kusukumia mguu mmoja kwenye pedeli mwingine unarushwa juu ya keria iliyojaa, kushuka inatembea, kulifunga gunia chini na mbele ili usukani usiwe mwepesi. Fundi wangu wa Chikongola anasema mtu aliyejifunzia Phoenix anajua kusawazisha mzigo kuliko yeyote, na nakubaliana naye.

Hapa niingize kitu kidogo. Juzi nilikuwa nacheki video za ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji Ulaya, sisi huku theluji tunaisikia Kilimanjaro, lakini habari yao ni hii hii. Vile vibao wanavyovaa miguuni, skii, zamani vilikuwa virefu vimenyooka karibu sawa, mtu kukata kona ilibidi ainuke auondoe uzito halafu aburute mikia ya skii pembeni, na miguu ameibana pamoja. Halafu kampuni ya Elan ya Slovenia mwaka 1993 wakatoa SCX, fupi zaidi, pana mbele na nyuma, zina kiuno katikati, ukizilaza tu kwa ubavu zinachora kona zenyewe. Watu wakaacha kubana miguu, wakaitanua, wakawa wanalaza mwili. Waliokuwa mabingwa wa mtindo wa zamani ikabidi wajifunze upya. Nikasema ndo haya haya ninayowaambia watu kila siku pale sokoni.

Ya tatu ni zile za Kijapani za mtumba zenye kikapu mbele na fremu iliyopinda chini. Kwa mjini pale Shangani, Ligula, au Lindi mjini barabara ya chini, kwa mwanamke anayevaa dera, khanga au baibui, mimi ningeiweka ya kwanza bila kufikiri. Fremu ya Phoenix ina bomba la juu, lazima urushe mguu, na dada zetu wengi waliacha baiskeli kwa sababu hiyo tu wala siyo kwamba hawawezi. Hii unapitisha mguu katikati unakaa. Dada yangu anafundisha shule, alikuwa analipa bodaboda asubuhi na jioni, sasa anaenda mwenyewe na madaftari kwenye kikapu. Mnyororo wake mara nyingi umefunikwa kwa hiyo nguo haiingii, ina kufuli kwenye gurudumu la nyuma na taa inayojizungushia umeme. Shida ni mbili. Nyingi tairi lake ni 27 jembamba na hilo siyo la kila duka, kwa hiyo nunua na la akiba siku hiyohiyo. Halafu uzito wako wote unakaa nyuma, mlimani ni nzito, usiende nayo Newala.

Ya nne, na hapa naongea kwa uchungu, ni zile mpya za bei rahisi zenye shokapu mbele na nyuma. Zinang'aa, watoto wanazililia. Rafiki yangu mmoja alimnunulia mwanae kwenye duka moja, akahakikishiwa kwamba inafaa kubebea maji, miezi mitatu ile bawaba ya katikati ya fremu ikaanza kucheza, nyuma inayumba kama mkia wa samaki. Shokapu nzuri ni kitu cha kweli, kampuni ya RockShox walipotoa foki yao ya kwanza yenye shokapu 1989 watu wa mashindano wakaanza kupita mawe bila kupunguza mwendo, lakini hizi za bei chee ni springi tupu, ukisimama kukanyaga nguvu inaishia kwenye springi, baiskeli inadunda juu chini haiendi, na ni nzito. Keria haikai vizuri. Kama mtoto ameshakataa nyingine zote basi chukua yenye shokapu mbele tu, na umfundishe kukanyaga amekaa.

Za mwisho ni zile za mashindano zenye usukani wa pembe za kondoo na tairi jembamba kabisa. Tamu sana kwenye lami asubuhi, unalala mbele upepo unapita juu, ila ukitoka nje ya lami tu umekwisha. Kama maisha yako yote ni lami kutoka Mtwara mjini mpaka Naliendele na kurudi, sawa.

Kitu cha mwisho ambacho watu wanasahau, angalia mdomo wa tyubu kabla hujalipa. Phoenix nyingi zina ule wa kizamani mwembamba, unataka pampu yake. Hizi za 26 nyingi zina mdomo kama wa gari au pikipiki, unajaza popote penye kompresa, lakini mwambie kijana aachie upepo kidogokidogo, tyubu ya baiskeli ni ndogo na kompresa inaipasua ukiwa bado unatafuta chenji mfukoni. Na siti ipandishe, kisigino kikae juu ya pedeli iliyo chini kabisa mguu umenyooka, ndo kimo chako hicho. Ukikuta fundi anakufungulia nati kwa koleo mwambie atafute spana.