Matembezi ya mashua Unguja na Pemba: maji gani, siku gani, chombo gani

Anayetoka Mwanza au Kigoma amezoea maji yanayomngoja. Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika hayapwi na kujaa: chombo kikielea asubuhi, jioni kitakutwa kinaelea pale pale, na cha kuangalia ni upepo tu. Unguja na Pemba hazina ziwa wala mto wa kupitisha mashua. Maji ya matembezi huku ni ghuba, vijito vya mikoko na mafungu ya mchanga, na yote yanakwenda kwa amri ya mwezi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza leo mwezi ngapi, yaani ni siku ya ngapi tangu uandame.

Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu baada yake, tofauti ya maji kujaa na kupwa Zanzibar hufika mita nne. Siku za maji mafu, mwezi nane na mwezi ishirini na tatu hivi, tofauti ni kama mita moja. Saa zake nazo ni zile zile mwaka mzima: bamvua hujaa karibu na saa 10, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa 4, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata maji huchelewa kama dakika 50. Halafu hayatoki kwa kasi moja. Ukiyagawa mafungu kumi na mawili, saa ya kwanza ya kupwa huondoka fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Bamvua la mita nne basi hushuka mita nzima ndani ya saa ya tatu peke yake, na mita nyingine ndani ya saa ya nne. Hapo ndipo vyombo vingi vya wageni hukwama, watu wakiwa bado wanapiga picha.

Mwenye siku moja tu aende Ghuba ya Menai, kusini-magharibi mwa Unguja. Ni eneo la hifadhi tangu 1997, lina kilomita za mraba 470, na ndani yake mna visiwa vidogo kama Kwale, Pungume, Sume na Miwi, kiasi kwamba nahodha akikuta upepo umegeuka ana pa kujificha. Vyombo huondoka Fumba na Unguja Ukuu. Kinachoiharibu safari hii ni mpangilio: wauzaji wengi wana ratiba moja kwa siku zote, na ghuba haina siku mbili zinazofanana. Siku ya bamvua, fungu la mchanga hutoka asubuhi na kuanza kufunikwa mchana, na kile kidimbwi cha mikoko cha Kwale hupata maji ya kuogelea alasiri. Basi ondoka saa 2 na nusu, anza na fungu, kula kisiwani, malizia na mikoko. Siku ya maji mafu geuza: maji hujaa saa 4 au 5 asubuhi, kwa hiyo mikoko kwanza, na fungu litakalotoka jioni usilitegemee kuwa kubwa. Muuzaji akikwambia ratiba ni ile ile tarehe zote, tafuta mwingine. Jambo dogo la Fumba: bamvua likiwa limekupwa mashua hukaa mbali, na kuifikia ni kutembea juu ya mawe makali na matope. Vaa viatu vya mpira vinavyofunga kisigino, ndara zitabaki topeni.

Baada ya mwezi unakuja upepo. Kaskazi huvuma kuanzia Disemba hadi Machi, na hupiga upande wa kaskazini wa Unguja: Nungwi, Matemwe na kisiwa cha Mnemba. Kusi huanza wakati wa masika, hukaza Juni na Julai, na hupiga Kizimkazi, kusini, na pwani yote ya mashariki. Oktoba na Novemba, Kusi likishalegea na Kaskazi haijaanza, ndiyo miezi mizuri kuliko yote kwa chombo kidogo, ukivumilia manyunyu ya vuli. Kila msimu, asubuhi ni bora kuliko alasiri. Upepo hukaza kuanzia saa 5 au 6. Upepo ukikutana uso kwa uso na mkondo, mawimbi husimama wima na kukaribiana, na boti ya futi ishirini haipati nafasi ya kupumua katikati yake. Mkondo wa kusini mwa Unguja si wa kuuchezea wakati wa Kusi. MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe Julai 2012, nayo ilikuwa meli ya abiria, chombo kikubwa kuliko chochote utakachokodi ufukweni.

Visiwa vya mbele ya mji, Changuu, Bawe na lile fungu la Nakupenda, vinafaa kwa familia yenye watoto na muda mfupi. Changuu iko chini ya kilomita sita kutoka Mji Mkongwe na kobe wake wakubwa watoto huwapenda. Ila usinunue safari ya Nakupenda ya saa 8 mchana siku ya bamvua. Maji yatakuwa yanajaa, mchanga utakuwa unameguka mbele ya macho, na chakula mtakimalizia ndani ya boti.

Ghuba ya Chwaka, mashariki mwa Unguja, ndiko tunakopendekeza zaidi kwa anayetaka utulivu, na ndiko watu wachache huenda. Ghuba ile ni pana na haina kina, na upande wake wa kusini kuna mikoko minene inayoungana na Hifadhi ya Jozani. Kijito cha Mapopwe kinaingia ndani kabisa, mizizi huku na huku, kaa juu ya magogo, samaki wadogo chini ya chombo. Hapa mashine haina kazi. Chukua ngalawa au mtumbwi, na nahodha awe na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo. Wakati wa kuingia ni maji yakiwa yanajaa, saa mbili kabla ya kujaa kabisa, na muanze kutoka mara yanapogeuka. Anayengoja saa mbili baada ya hapo atasukuma chombo kwenye tope la magotini, na kama bamvua limeshika atangoja maji mengine. Siku nzuri ni mbili: ama bamvua lenyewe, kuingia saa 8 mchana na kutoka saa 10, ama siku ya nne au ya tano baada yake, maji yanapojaa saa 1 na kitu au saa 2 asubuhi na upepo haujaamka. Ghubani pia kuna mashamba ya mwani. Vigingi na kamba zake za tai-tai, zile ndogo za kufungia mwani, havionekani maji yakijaa. Propela ikizinasa hukatika kamba, hupotea mwani wa mtu, na mashine huzima. Ni mali ya akina mama waliosimama majini saa nyingi kuifunga. Mwambie nahodha apite mlangoni, yaani njia ya kawaida ya vyombo, asikatize.

Mnemba ina matumbawe ya kupendeza na maji maangavu, lakini kisiwa chenyewe hakishukiki kwa asiye mgeni wa hoteli yake, na saa 4 asubuhi boti hujazana mpaka moshi wa mashine unakaa juu ya maji. Ukienda, ondokea Matemwe au Muyuni, ambako ni karibu, uwe majini saa 1 na nusu, na hakikisha chombo kinafungwa kwenye boya. Nanga ikitupwa juu ya tumbawe huvunja kilichokua miaka mingi. Safari za pomboo za Kizimkazi hatuzipendekezi kama zinavyouzwa sasa: boti kadhaa kulifuata kundi moja, kulikata mbele na kumwaga watu majini. Nahodha mzuri hukaa ubavuni kwa mwendo mdogo, huzima mashine, na pomboo wakitaka huja wenyewe. Makubaliano hayo yafanywe nchi kavu, kabla ya fedha kutoka mkononi.

Sasa chombo. Ngalawa ikaguliwe kwenye kamba zinazofunga ndubi kwenye mirengu, ile miti ya ubavuni inayozuia chombo kupinduka. Zikiwa na nyuzi zilizochanika au fundo lililolegea, ubavu mmoja utaachia kwenye wimbi la kwanza la maana. Tazama henza, kamba inayopandisha foromali, ule mti unaobeba tanga; hukatikia pale inaposuguana na kilele cha mlingoti, mahali ambapo hakuna anayetazama. Angalia ngama, yaani maji yanayokusanyika chini ndani ya chombo: kidogo ni kawaida kwa chombo cha mbao, lakini kopo la kufua maji lazima liwepo, na kama yamejaa tena baada ya robo saa, kalafati, ile pamba ya kuzibia mianya ya mbao, imechoka. Tanga linapohamishwa upande, foromali hupitishwa mbele ya mlingoti na demani, kamba ya kuongozea tanga, hupiga huku na huku. Abiria wote wawe wameketi chini, mikono ndani.

Boti ya mashine ina mambo yake. Mashine nyingi ndogo za farasi 15 hapa ni za kuchanganya oili, lita 1 kwa lita 50 za petroli, yaani mililita 400 kwenye dumu la lita 20. Oili ikizidi, plagi hulowa na mashine hukataa kuwaka. Ikipungua, pistoni hukwama katikati ya safari. Mashine ikiwashwa, tazama ule mchirizi wa maji unaotoka nyuma yake. Ukiwa dhaifu au ukikatika, huenda mfuko wa plastiki au majani ya bahari yameziba njia ya kupozea, na nahodha azime hapo hapo, ainue, asafishe. Aliye makini utamjua kwa vitu vilivyo chini ya benchi: plagi ya akiba na spana yake, kamba ya kuwashia, pini za propela, kafi mbili, nanga yenye kamba ya kutosha, na simu ndani ya mfuko usioingia maji. Mafuta yawe theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba. Jaketi za kuokolea ziwe moja kwa kila mtu, za watoto ziwe za watoto, na zivaliwe kabla ya nanga kung'olewa. Zilizofungwa kamba chini ya mizigo hazimwokoi mtu. Utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ni bure, usomeni wewe na nahodha. Kisha uliza swali moja: "Nahodha, leo maji yanajaa saa ngapi?" Anayejua hujibu papo hapo, na mara nyingi huongeza ni mwezi ngapi.

Pemba ni bahari nyingine. Kati ya Unguja na bara kina cha maji ni makumi ya mita tu, lakini mkondo wa Pemba, ile bahari iliyo kati ya Pemba na bara, unashuka kufikia mita 800 hivi, na ukitoka kwenye miamba ya magharibi chini ya chombo hupaoni tena. Kisiwa cha Misali, kilicho ndani ya hifadhi ya mkondo huo, kwa maoni yetu kina matumbawe bora kuliko yote ya visiwani, na msitu wake umeachwa usimame. Safari huanzia Wesha, na boti iwe na mashine isiyo na wasiwasi, kwani ukitoka nje ya ghuba ya Chake Chake hakuna kisiwa cha kukukinga. Wakati wa Kusi nendeni alfajiri, mrudi kabla ya saa 7. Ada ya hifadhi mkubaliane mapema kama imo ndani ya bei, pamoja na chakula na miwani ya kuchungulia.

Asiyetaka bahari wazi abaki ndani, upande wa Wete, kati ya Mtambwe na Fundo. Maji ni mapana, yamezungukwa na mikoko, vilima vya mikarafuu vinaonekana nyuma, na mashua ya tanga hukata vizuri hata upepo ukiwa mchache. Kijito cha kwenda mjini Chake Chake nacho kinapitika, ila maji yakiwa yamejaa tu. Yakipwa hubaki tope kutoka ukingo hadi ukingo. Anayetaka kuingia aombe alasiri ya bamvua, awe ameshageuza chombo saa 10 na nusu.