Uzoefu wangu: kozi ya Hisabati kwa walimu wa msingi, chuo kimoja huku Mwanza

Jamani mi nimemaliza ualimu ngazi ya cheti kwenye chuo kimoja hapa Mwanza, na kuna wadogo zangu wanaulizia sana somo la Hisabati likoje, ngoja niseme nilivyoliona.

Watu wanadhani hesabu za kufundishia shule ya msingi ni za kitoto, unapita tu. Sio kweli kabisa. Kukokotoa unajua toka zamani ila hapa unaulizwa KWANINI, na hapo wanakwama hata waliofaulu Hesabu vizuri fomu foo.

Chukua MAGAZIJUTO, ule mpangilio wa kipi kianze kwenye hesabu. Wote tumekariri: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Siku moja mkufunzi akaandika ubaoni 10 − 4 + 3. Ukiifuata kama ilivyo unajumlisha kwanza 4 na 3 unapata 7, alafu 10 toa 7 inabaki 3. Jibu sahihi ni 9! Kujumlisha na kutoa vina hadhi sawa, unaanza kushoto unaenda kulia, na kugawanya na kuzidisha nako hivyo hivyo. Darasa lilizozana balaa mpaka kaka mmoja akapiga kwenye kalkuleta ya simu ikaja 9 ndo watu wakatulia. Inaniuma nikifikiria watoto wangapi wanakosa swali kama hilo kisa hakuna aliyewaambia.

Kilichonikosha zaidi ni kusoma makosa ya mtoto. Unapewa daftari, mtoto kaandika 52 − 27 = 35. Badala ya kumpiga kosa ukapita, unajiuliza 35 kaipataje, unakuta kila safu katoa ndogo kwenye kubwa, 7 toa 2 ni 5, 5 toa 2 ni 3. Kutoa anajua huyo, hajaelewa tu thamani ya nafasi, kwamba ile 5 ni makumi matano. Na dawa yake sio fimbo. Mfungie mafungu matano ya vijiti kumi kumi, weka na vijiti viwili pembeni, mwambie nipe 27. Ataona viwili havitoshi saba. Nilifanya hivi kwenye BTP (mazoezi ya kufundisha shuleni) darasa la pili, binti mmoja akafungua fungu mwenyewe kabla sijasema kitu, akahesabu vijiti vilivyobaki akasema ishirini na tano, nilifurahi mno.

Sehemu nazo. Kugawanya kwa sehemu tulikuwa tunaambiwa pindua uzidishe, basi. Mkufunzi wetu akauliza: uko mwaloni Kirumba, soko la samaki, una dagaa sado (kindoo cha kupimia) moja na robo tatu, unapima kwa kopo la nusu sado, utapima mara ngapi? Wengi wakasema tatu na robo. Mara tatu ni kweli, inabaki robo, ila hiyo ni robo ya SADO, na kwenye kopo letu inajaza nusu, kwahiyo jibu ni tatu na nusu. Ukielewa hapo hata ile ya kupindua unaiona inatoka wapi.

Sasa yasiyofaa. Darasa lilijaa mno, ukikaa nyuma ubao huuoni vizuri na zana za kushika kwa mkono zinagombaniwa, yaani abakasi moja watu kumi wameizunguka, utajifunzaje kumfundisha mtoto kwa zana ambayo hujaigusa? Maumbo na takwimu zilikimbizwa mwishoni kwasababu mtihani wa NECTA (Baraza la Mitihani) ulikuwa umekaribia. Na BTP ukija kukaguliwa macho yote yako kwenye makaratasi ya mipango ya mwalimu, andalio la somo na azimio la kazi, mimi nilitaka sana mtu akae na watoto aangalie kama wameelewa, hilo sikulipata na naona ndo pengo kubwa la kozi nzima.

Pamoja na hayo naipendekeza kwa moyo wote, hasa kwa anayetaka kufundisha la kwanza na la pili kwenye KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu). Ila ukienda usisubiri chuo kikupe zana. Vizibo vya soda omba dukani au kwa mama ntilie wanakupa bure, vijiti kata mwenyewe na raba za kufungia nunua, uje navyo tangu muhula wa kwanza maana BTP inafika ghafla na shule nyingi utakazopangiwa utakuta chaki na ubao tu.